Mstari wa Nne wa Barua

Uvimbe ulikuwa na sentimita nne, titi la kushoto, na ulikuwa umeshaanza kuingia kwapani. Daktari aliyasema hayo mkono ukiwa mezani, bila kuzungukazunguka.

"Haiwezekani," alisema Nyundo, fundi wa kunyoosha bodi za magari. "Mke wangu alipigwa eksirei ya matiti mwaka jana, ikatoka safi. Barua hii hapa."

Aliitoa mfukoni, ina alama za vidole vyenye grisi. Miezi kumi na minne ilikuwa imelala kwenye droo ya gereji, chini ya misasa.

Daktari akaisoma, akarudia mistari ya chini. "Mzee, mliisoma yote?"

Nyundo akaichukua barua. Siku ile mkewe alipoileta gereji, yeye alisoma mstari wa kwanza tu: hakuna dalili ya saratani iliyoonekana. Akapiga mlango wa gari kama ngoma kwa furaha. Mkewe akaweka kidole mstari wa nne.

"Hapa wanasema matiti yangu yana nyama nzito, picha haionyeshi vizuri. Niongezewe altrasaundi."

"Altrasaundi? Hiyo si ya wajawazito? Mama watoto, mbona una habari na mimi sijaambiwa?"

Mpiga rangi wa gereji alicheka mpaka akakaa chini. "Hongera, shemeji! Kumbe mzee bado yumo!"

Mkewe naye alicheka, huku macho yakiwa kwenye barua. "Chekeni tu. Mkimaliza mtaniambia niende au nisiende."

"Uende kutafuta nini, na wameshasema huna kitu?"

Mkewe akarudi kwenye cherehani yake. Hakuitaja tena.

Sasa daktari aliwasha kioo cha kutazamia picha, akawaonyesha ile picha ya mwaka jana. Titi zima lilikuwa jeupe, kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Nyama nzito hutoka nyeupe," alisema. "Uvimbe nao hutoka mweupe. Altrasaundi haifanyi kazi hivyo. Inatuma sauti ndani, na sauti inarudi na habari."

Nyundo hakuhitaji kuelezwa zaidi. Miaka thelathini hakuwahi kukagua gari kwa kutazama rangi. Aliligonga kwa kifundo cha kidole, mlango hadi mlango: bati zima hulia, lililozibwa mabonde kwa puti huitika kama gunia. Wateja walionunua kwa macho aliwaita vipofu mbele ya watu.

"Ingeuona?" aliuliza.

"Siwezi kukuapia. Pengine. Ungekuwa mdogo."

Nyundo akainama. Akaifinyanga barua mkononi. Mkewe, aliyekaa kando yake, akanyoosha mkono akaichukua.

"Lete, baba watoto. Utaichana, na daktari bado anaihitaji."

Afadhali angemtukana.

Walimtoa titi la kushoto. Walimtoa tezi kumi na moja za kwapani, na saba zilikuwa na ugonjwa. Dripu za dawa zilikuwa kumi na sita. Nywele zilitoka zote, na kucha sita. Mkono wa kushoto ulivimba, ukashindwa kusukuma kitambaa, na cherehani ikafunikwa shuka. Aliishi miaka miwili na miezi mitatu.

Kile kipimo cha mstari wa nne huchukua dakika ishirini.