Ubatizo wa Hatari Pale Mwamkulu

Katika kigango kile cha Mwamkulu hapakuwa na mtu wa kumkosoa Mwalimu Cletus kwenye mambo ya dini. Padri alifika mara moja moja, na masika ndiyo usiseme, barabara yote tope. Cletus, katekista, ndiye aliyefundisha, aliyeongoza ibada ya Jumapili, aliyezika. Mwanafunzi akikosea neno moja la Kanuni ya Imani, anarudishwa mwanzo. Imani tumeipokea kwa mitume, alikuwa akisema, na ni lazima tuikabidhi vilevile, bila kuongeza wala kupunguza. Alisema kweli, na alijitahidi. Kasoro yake ni kwamba alifika mahali akaiona imani hiyo kama ghala lake mwenyewe, na ufunguo anao yeye.

Mwaka uliopita mjukuu wa Mama Fausta alishikwa na degedege. Bibi wa watu, aliyekuwa amefundishwa na huyohuyo Cletus, alichota maji kwa kikombe, akambatiza mtoto, kisha akamkimbiza zahanati. Mtoto akapona. Jumapili Mama Fausta akaja kanisani amevaa kitenge kipya, akasimama kutoa taarifa kwa furaha zake zote.

Cletus siku ile ya degedege alikuwepo nyumbani kwake, jirani kabisa na kwa bibi, na hakuna aliyemwita. Hilo ndilo lililomchoma. Akamwambia bibi mbele ya waamini wote, "Nani amekutuma? Ulichommwagia mtoto ni maji tu. Mambo matakatifu yana wenyewe."

Alijua anachosema si kweli. Kila mwaka aliwafundisha kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiye Mkristo, mradi atumie maji na maneno ya Kanisa na awe na nia ya Kanisa. Padri Deo alipokuja, alimwambia faraghani kwamba ubatizo ule ni halali, akamsomea mtoto sala zilizobaki, yakaisha. Lakini Cletus hakuwaambia watu. Alijiambia atasahihisha siku moja, na siku hiyo akaisogeza, akaisogeza tena. Kiburi cha mtu wa dini ni kibaya kuliko cha mlevi, maana mlevi kesho yake huamka na aibu.

Mwaka huu, mvua zilipokolea, mtoto wa Kabula akapata homa. Kabula ni Msukuma, alikuja huku na mumewe Manyanda wakiswaga ng'ombe. Katika familia yao yeye ndiye Mkristo wa kwanza. Alikuwa amesoma mafundisho kwa Cletus, akabatizwa Pasaka, na binti yake mchanga, ambaye alishamchagulia jina la Mariana, alikuwa anasubiri padri aje. Zahanati walimwambia ampeleke hospitali Mpanda haraka. Mto ulikuwa umefurika, hakuna bodaboda ya kuvuka. Manyanda akaenda mtoni kutafuta watu wa kumvusha, na Kabula akakimbilia kwa katekista.

Katekista alikuwa Mpanda kwenye semina, simu ameizima kwa heshima ya mtoa mada.

Alirudi alasiri, akavuka mto kwa mguu, maji yalipopungua kidogo. Aliwakuta mkewe Getrude na Kabula wamekaa kwenye mkeka barazani. Katikati yao palikuwa na bakuli la maji, na mtoto amefunikwa kitenge hadi usoni. Manyanda alikuwa amesimama uani.

"Poleni," Cletus alisema. "Mlimbatiza?"

"Getrude, wewe unajua. Nyie wote nimewafundisha."

"Tunajua, Baba Danford," mkewe alisema. "Maji tulichota. Nikamwambia Kabula, wewe mama yake, mbatize. Akaniambia, wewe mke wa mwalimu, batiza wewe. Tukawa tunaogopa."

"Mlikuwa mnaogopa nini?"

Kabula aliinua uso. "Tulikuwa tunakuogopa wewe, Mwalimu. Kwa Mama Fausta ulisema ni maji tu. Mimi nikaona bora nikusubiri."

Cletus alikaa chini kwenye udongo, na suruali yake ya semina. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini hapa mjukuu hakuchelewa hata kidogo.

Manyanda akasogea. "Mwalimu, mimi ya kwenu siyajui. Mama yake anataka azikwe kwa sala. Inawezekana, au tuzike kwa namna yetu?"

Cletus akaenda kupanda kichuguu nyuma ya nyumba, ndiko mtandao unakopatikana, akampigia Padri Deo. Padri alisema wazazi wakiwa na nia ya kumbatiza, mtoto anaweza kuzikwa kwa sala za Kanisa, ngoja aombe ruhusa kwa Askofu. Baada ya muda akapiga. "Ruhusa ipo. Mkabidhini kwa huruma ya Mungu, na mama yake umwambie tuna matumaini." Kisha akauliza, "Ila Mwalimu, mbona hawakumbatiza?"

"Kosa ni langu, Baba," Cletus alisema.

Walimzika kesho yake. Cletus alisoma sala zote, halafu akafunga kitabu. "Nilimtukana Mama Fausta kwa sababu hakuniita. Alichofanya kilikuwa ubatizo kamili. Nilijua hivyo hata nilipokuwa namtukana."

Mama Fausta alisema, "Mimi nilishakusamehe, baba." Akamtazama Kabula. Kabula alikuwa anatazama udongo.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Cletus aliweka beseni tupu na jagi la maji mbele ya altare. Akawaeleza kwamba huu ni mfano tu, wala hambatizi mtu, ila kila mmoja aje amimine na kutamka, ili siku ya hatari asiwepo wa kuogopa. Walikuja. Mwanamume mmoja alisahau kumtaja Mwana. Getrude alisema "tunakubatiza", akasahihishwa. Wengine walimimina maji kwanza, ndipo wakakumbuka maneno.

Kabula alikuja wa mwisho. Hakuna aliyetegemea angekuja. Alichukua jagi, mkono wa kushoto akaukunja kifuani kama mtu aliyebeba kitu, akamimina polepole, mara tatu, huku akitamka:

"Mariana, mimi nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Cletus alimsikiliza kama alivyozoea kusikiliza, akitafuta kosa. Hakuliona.