Breki za Bavo

"Kaka, hazishiki! Hazishiki!"

Ndivyo alivyopiga kelele Bavo, mdogo wangu, aliponipita kwa baiskeli kwenye mteremko wa mlima Kapelberg. Alikuwa anabana breki kwa mikono miwili. Kona ilipofika, hakuikata.

Nilimkuta mtaroni, mguu umepinda mahali pasipo na goti. Hapakuwa na nyumba wala gari, mashamba tu yaliyoganda. Tulikuwa tumefanya mazoezi na kutokwa na jasho saa mbili nzima, na Januari ya huku Flandria haina huruma na mtu aliyelowa. Nikachomoa magazeti tunayovaa kifuani kuzuia upepo, nikamtia yangu juu ya yake, nikamkumbatia. Meno yake yaligongana, kisha yakaacha, mwili umeishiwa hata nguvu ya kutetemeka. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa.

"Usilale, Bavo! Mwezi wa pili nani atanishinda?"

"Hata bibi atakushinda," akanong'ona.

Mwezi wa pili timu ya waendesha baiskeli wa kulipwa ilikuwa imjaribu. Yeye, si mimi.

Nilinyoosha mkono nikashika breki ya baiskeli yake. Ilikuwa ngumu kama mfupa.

Nyumbani tulikuwa na sheria: anayeshindwa mbio za kufika kwenye kibao cha kijiji huosha baiskeli zote mbili, maana chumvi ya barabarani hula minyororo. Jana yake nilikuwa nimeshindwa mara ya tatu wiki ile, na mtoto wa miaka kumi na tisa. Kwa hasira, na kwa kuonea huruma vidole vyangu, niliosha kwa maji ya birika. Maji ya moto hupenya mpaka ndani ya mipira ya waya za breki, na baiskeli isipokaushwa ndani ya nyumba, huganda humo. Kila mwendesha baiskeli wa kwetu analijua hilo. Mama alikuwa amepiga deki jikoni, akaniruhusu kuingiza moja tu. Niliingiza yangu. Nilijiambia kesho tutapita njia za tambarare, breki za nini? Lakini asubuhi Bavo akataka mlima, nami sikusema neno. Niliona aibu.

Lori la maziwa lilitukuta baada ya nusu saa. Lingechelewa kidogo, ningekuwa namkumbatia maiti.

Hospitalini Baba aliuliza, "Ilikuwaje?"

"Nilijitia ujuzi, Baba," Bavo akasema. "Sikufunga breki."

"Mpumbavu we! Umeyatupa maisha yako mtaroni!"

Nilifungua mdomo. Bavo akanitazama, nikaufunga. Mungu anisamehe, niliufunga.

Timu ikaniita mimi badala yake, na nilikwenda. Asubuhi ya majaribio Bavo alikuja na magongo yake. Akayaegemeza ukutani, akanibandika namba mgongoni, taratibu, pini moja baada ya nyingine, asije akanichoma.