Volti Ishirini na Nne

...kushoto kidogo, lazima muhuri wangu uinamie kushoto, upande atakapopiga wake mkuu wa kitengo, ndivyo tulivyofundishwa kiwandani hapa Suwa, mdogo amwinamie mkubwa hata kwa wino, naye Hatano anapuliza chai yake, “Bi Kuwabara, piga basi twende, foleni ya tambi za soba itatushinda,” soba, mwenzangu anawaza soba na mimi nimeshika muhuri, nikishaidhinisha karatasi hii pampu za dripu zinaanza kuundwa kesho, bila ulinzi wangu, aliung'oa yeye Hatano, saketi ndogo ya pembeni ambayo volti zikipanda inakata fyuzi, aliung'oa ili bodi iwe ndogo, na mbele ya wote akanitania, “Chipu inayodhibiti volti ina ulinzi wake ndani, wewe kiangazi hiki unavaa makoti mawili?” wakacheka, nikacheka nami, mjinga mimi, ningemwambia palepale kwamba ulinzi wa ndani unapima kupitia rezista ileile inayoongoza chipu, rezista ikikatika chipu inadhani umeme umepungua, inasukuma zaidi, na mlinzi haoni chochote, basi badala ya volti tano zinapita zote ishirini na nne, pampu inapagawa, dawa ya usiku kucha inamwingia mgonjwa yote mara moja... “Vipi, wino umekauka?” anatabasamu, namchukia, siku nne sasa namchukia, tangu Jumanne, nilipojaribu bodi ya kumi na saba, mita iliporuka hadi ishirini na nne na harufu ya kuungua ikanijaa puani, nikatazama huku na huku, hapakuwa na mtu, nikaandika kwenye ripoti, waya wa kupimia uliteleza, kwa mwandiko safi kabisa, haukuteleza, niliushika kwa mkono wangu, lakini wiki ya mwisho kabla ya kuanza kuunda nani asimamishe kazi, mwanamke peke yangu katika kitengo, waseme tulijua tu atatuangusha... na yeye aliisoma ripoti ile, akaniambia kazi nzuri, angejuaje, ngoja, angejuaje kweli, alikosea kuung'oa, sawa, lakini jaribio la kumwonyesha kosa lake nimelifukia mimi, hakunituma mtu, nimemnunia siku nne kwa jambo nililomficha mwenyewe, tazama anavyosubiri, hana wasiwasi hata chembe, ananiamini, Mungu wangu, ananiamini, aibu inanichoma masikio, naogopa, sijui nitaanzaje, chai yake bado inafuka moshi, mkono wangu bado uko hewani, nitaanza na Jumanne.