Karai Lililokuwa Kwenye Foleni
Kila saa moja asubuhi Nakato aliwawekea maji mbwa wa mzee Aloysius, na kabla chai haijachemka walikuwa wameshayamwaga. Waragi, dume mweusi, alilisukuma karai kwa pua. Sukari, jike, alitia miguu ya mbele ndani akachimba kama anayetafuta mfupa. Kiwanja kizima kikawa tope.

Karai lenyewe lilikuwa la plastiki, la bluu, lenye ufa ulioshonwa kwa uzi wa nailoni. Nakato ndiye aliyeushona. Lilikuwa la pacha wake, Babirye, muuza chapati wa barabara ya Nimule. Pale mtaani Gumbo, ukiacha chombo kwenye foleni ya maji, zamu ni yako hata ukienda zako ukarudi. Babirye aliliacha mbele ya pampu ya kisima cha Aloysius, akarudi kugeuza chapati. Siku hiyohiyo mzee akaamua kwamba wanawake wanamchafulia kiwanja kwa tope. Akawatoa, akafunga geti kwa kufuli, karai likiwa ndani.

Babirye akanywa maji ya mtoni. Kuhara kwa siku nne kukatosha. Waganda hawasemi pacha amekufa, husema ameruka. Basi Babirye akaruka, na mwezi uliofuata Nakato akaomba kazi kwa Aloysius. Watu walimsema sana, eti anamfulia suruali huyohuyo. Alizifua, na alizikamua kama anayenyonga shingo.

Mbwa wakicheza, karai lilielekea upande mmoja tu: kwenye pampu. Likifika hukaa mbele kabisa, na maji huendelea kumwagika hata mbwa wakishachoka. Jumatatu yaliingia sebuleni. Alhamisi yalilowesha godoro. Jumapili, suti ambayo Aloysius alishonesha kwa harusi ya binti yake ilielea koridoni, mikono imetanuka, na Waragi akaifuata akiogelea. Nakato aliitazama mpaka ikakata kona. Kisha akaenda kumenya vitunguu.

"Wewe Nakato, hii maji inatoka wapi?"

"Kwa karai, mzee."

"Tupa hiyo karai."

"Nimetupa mara tatu. Inarudi kwa laini, mbele ya pampu."

"Inataka nini?"

"Zamu yake. Mzee apampu mwenyewe, ijae, abebe mpaka pale Babirye alikuwa anapikia, na geti aache wazi. Khalas, itaisha."

Aloysius alifikiri, miguu ikiwa juu ya meza. "Nikifungulia karai moja, kesho Gumbo yote iko hapa na tope yao."

"Malesh, mzee," Nakato alimpa pole, kwa sauti ya mtu asiyemwonea huruma hata kidogo.

Aloysius akaagiza buti za mpira: jozi moja yake, arobaini za wageni. Harusi ikafanyika. Watu walivua viatu mlangoni, wakavaa buti, wakasifu pilau. Maji yaliwafika magotini, lakini hata tone moja halikuvuka geti; yalilitii kufuli. Nje, jirani Jacinta, ambaye mwanawe alikuwa ameanza kuhara, alisimama na dumu lake kusikiliza wimbo mmoja, halafu akaendelea kwenda mtoni.

Asubuhi Nakato alikunja sketi, akalijaza karai kwa bomba la jikoni hadi ukingoni, akawapigia mbwa mluzi.