Vyura Wanadai Picha Zao

Jana usiku nimeota, na nasema mapema: sikula kitu kizito wala sina homa. Nimeota ninaonewa, na hasira bado ninayo.

Kwanza mjue kilichonifikisha huko. Nyuma ya nyumba yetu hapa Tukuyu nina bwawa dogo, upana wake hauzidi mkeka. Nimelichimba mwenyewe. Kila nikitoka kazini nalala pale kifudifudi na kamera, napiga picha vyura, kereng'ende, na mdiria mmoja anayekuja kuvua. Mke wangu, Mama Subilaga, anasema ninafuga mbu. Aliagiza udongo, ukamwagwa getini, na leo asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya kulifukia. "Ukinionyesha chura wako anakula mbu hata mmoja," aliniambia, "nitakaa kimya. Mpiga picha si wewe?" Miaka miwili ya picha, na ya namna hiyo sina.

Basi, katika ndoto niko kifudifudi kando ya maji, mchana kweupe. Mbele yangu yupo chura mkubwa wa kike. Stendi yangu ya kamera, ile ya miguu mitatu, inakohoa.

"Shuka," inasema. "Mnyama anapigwa picha usawa wa macho yake. Si ndivyo unavyowafundisha watu?"

Ni kweli, ndivyo ninavyofundisha. Nashuka. Chura naye anashuka. Nashuka tena. Maji yananipita masikio, na bado hatujalingana. Kufika chini, nikajikuta nimesimama sebuleni kwa watu.

Makochi yamefunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Ipo meza, na chupa ya chai juu yake. Ukuta mzima una misumari, imegongwa kwa mstari ulionyooka kabisa. Hakuna kilichotundikwa.

"Hapo juu ni pa harusi ya mwanangu," anasema chura, amekaa kwenye kochi. "Ulipiga, tulikuona. Hapo ni msiba wa mume wangu, ulipiga vilevile. Hapa ni watoto walipoota miguu. Picha ziko wapi?"

Nikamwambia ziko kwenye kamera.

"Kwenye kamera zinafanya nini?"

Sauti ile sikuipenda. Nikamkumbusha, kwa heshima zote, kwamba bwawa nimelichimba mimi.

"Nyumba yako alijenga fundi," akasema. "Anaingia chumbani kwako bila hodi?"

Jamani, mtu mzima na akili zangu nasemwa na chura, na stendi niliyoinunua mwenyewe inaitikia "Sawasawa" pale kwenye kona! Mdiria alikuwa juu ya kabati, ameelekeza uso ukutani, hataki hata kuniona. Nilichukia kwelikweli.

Lakini nilijua huku juu kunakaribia kukucha na udongo uko getini. Nikameza hasira. Nikaeleza habari yote ya Mama Subilaga, mbu na chepe. Nikaomba picha moja tu: yeye, na mbu mdomoni.

Chura akaweka kikombe chini.

"Unataka kunipiga picha ninakula?"

"Mara moja tu, mama."

"Mdomo wazi, mguu wa mbu unaning'inia. Halafu uipeleke kwa mkeo aikodolee macho. Mama yako mzazi umeshampiga picha anatafuna?"

Siku ya kumuaga binti yetu Subilaga kwenda kuolewa, shangazi yangu alimfukuza mpiga picha kwenye meza ya chakula, kijiko mkononi, na mimi nilisimama upande wa shangazi.

"Basi mtafukiwa," nikasema. "Ninyi na makochi yenu. Na mimi jioni nitabaki na nini?" Lile bwawa nalipenda.

"Tutaongea na mwenye nyumba," akasema chura.

"Mwenye nyumba ni mimi."

Wakacheka. Alicheka chura, ikacheka stendi, na mdiria akageuka kutoka ukutani ili acheke vizuri. Nikaamka nimefura.

Kumekucha, na mwenzangu hayupo kitandani. Nikatoka mbio na bukta, nikijua nitakuta pameshajaa. Nikamkuta Mama Subilaga anasukuma toroli la udongo kuelekea kwenye migomba. Bwawa liko vilevile.

"Umeghairi?" nikauliza.

"Nimeghairi." Hata kunitazama hakunitazama. "Hivi wewe Baba Subi una roho gani? Watu unawapiga picha harusini, unawapiga msibani, miaka miwili, hata moja huwapelekei. Aibu naiona mimi."

Nikasema habari hizo sijamwambia mtu. Nikamuuliza kaambiwa na nani.

"Leo uende mjini ukazisafishe studio," akasema, toroli linatembea. "Zote, isipokuwa ya yule aliyekaa juu ya jani la yungiyungi. Hiyo amesema uifute, alifumba macho."

Picha hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Nimeipiga juzi na sijamwonyesha kiumbe yeyote. Nikaingia ndani kwa hasira, nikawasha kamera, nikaikuza mpaka kichwa cha chura kikajaa kwenye kioo.

Kafumba, yote mawili. Nikaifuta, lakini bado naona nimeonewa.