Ngitiri ya Mbuke

Consolata aliruka kutoka kwenye bodaboda kabla haijasimama vizuri. Tangu barabarani alikuwa ameshaona: matawi ya miiba yaliyokuwa yameziba mlango wa ngitiri yametupwa kando, na ndani, katika nyasi zilizofika kiunoni, ng'ombe wa watu wanakula kama wako kwao.

Ngitiri hiyo ilikuwa malisho ambayo ukoo wake, hapo Mugeta, uliyafunga kila mvua zilipoanza, na hayakuguswa mpaka kiangazi kimalize kila jani lililo nje. Tena ilikuwa na sheria ambayo bibi yake, Mbuke, hakuilegeza hata mwaka mmoja mpaka alipofariki Pasaka iliyopita. Siku ya kufungua, mtu wa ukoo husimama mlangoni, na hakuna ng'ombe anayepita kabla habari zake hazijasemwa kwa sauti: mama yake nani, bibi yake nani, nyumbani kulitokea nini alipozaliwa. Ukoo ule haukuandika mambo yake popote. Uliyaweka kwa ng'ombe.

Baba yake mdogo, Ngusa, alikuwa amekaa juu ya jiwe na mwanamume mwenye kofia pana.

"Shikamoo baba mdogo. Ng'ombe wa nani hawa?"

"Marahaba. Mbona unahema hivyo? Msalimie mgeni kwanza."

"Nimeuliza ng'ombe wa nani."

"Wangu, binti," alisema mwenye kofia. Alikuwa Enoka, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Bunda mjini. "Wanapumzika kidogo kabla ya mnada. Majani yenyewe si Mungu kaotesha bure?"

"Na miiba? Mungu ndiye aliyezungushia?"

Enoka akacheka. Ngusa hakucheka. "Enoka anatupa dume la kisasa," alisema. "Tuachane na hizi mbegu za bibi yako, hata kikombe hazijazi. Wewe unayeuza maziwa Musoma ndiye ungenishukuru."

"Hilo dume litakula nini kiangazi kikikolea? Kofia ya Enoka?"

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamuwasha. Nje ya ua, ng'ombe wa nyumbani walikuwa wamesimama kwenye shamba la pamba lililokwisha kuvunwa, wamechomeka pua kwenye miiba, wanatazama chakula chao kikiliwa. Consolata akaokota tawi la mgunga, akaenda kusimama katikati ya mlango.

"Haya. Kama imefunguliwa, tufuate sheria. Enoka, yule mwenye pembe moja, mama yake nani?"

"Nitajuaje? Nimemnunua tu."

"Atoke. Na yule mweusi?"

"Ngusa, huyu mtoto ana akili sawasawa?"

Ngusa akainuka. "Acha utoto! Hadithi za mama zimezikwa naye."

"Hazijazikwa! Alikuwaga anazisema hapa kila mwaka, na wewe kila mwaka ulikuwaga mnadani. Haya, wewe mwanawe wa kumzaa. Yule mwekundu wa kwetu anayetuchungulia pale nje, habari zake?"

Ngusa akatazama. Akakuna shingo. "Si uzao wa Kagera yule?"

"Kagera alikufa kwa ndigana, hakuacha hata ndama! Yule ni Mshumaa. Mama yake Kipande. Bibi yake Njaa. Unajua kwa nini aliitwa Njaa? Mwaka huo mvua iligoma, babu akataka kumuuza, na ndiye ng'ombe pekee aliyebaki na maziwa. Bibi akamficha humu ndani, akawa anakuja kumkamua na tumbo lake la miezi tisa. Uchungu ukamshika hapa hapa. Akakuzaa wewe kwenye hizi nyasi, na matiti yake yamekauka. Hizo mbegu zisizojaza kikombe ndizo zilizokulea, baba mdogo!"

Enoka akakohoa, akageuza uso.

"Mama hakuniambia," Ngusa alisema.

"Alikuwa anamwambia ng'ombe, kila mwaka, kwa sauti. Ungekuwepo, ungesikia."

 Ngusa akachukua fimbo, akaanza kuwatoa ng'ombe wa mgeni bila kumtazama mwenyewe.

"Dume usahau," Enoka alisema akipita.

"Nimesahau."

Vumbi lilipotulia ndipo hasara ikaonekana. Upande mzima wa mlangoni nyasi zilikuwa zimelala, zimekanyagwa na kuchanganyika na samadi kabla hazijadondosha mbegu. Mwaka huu zisingewatosha ng'ombe wote wa nyumbani, na Consolata alijua ni yeye mwenyewe angelazimika kuamua yupi abaki nje. Hasira yake haikushuka hata kidogo.

Ngusa akaburuta tawi la miiba aje kuziba.

"Bado," alisema Consolata. "Kwanza habari za Mshumaa."

"Mwanangu, nimechoka."

"Na mimi nimechoka. Sema."

"Mshumaa... mama yake Njaa..."

"Rudia."

"Mama yake Kipande. Bibi yake Njaa. Njaa alifichwa humu mwaka ambao..."  Akaendelea mpaka mwisho, pamoja na kuzaliwa kwake mwenyewe.

Consolata hakumsifu. Aliinua tawi lake, akaonyesha ng'ombe wa pili.

"Na yule?"