Gari la Mkono wa Kushoto

Sanduku la Jesse lilikaa uvunguni mwa kitanda cha Bibi Ndelilio mwaka mzima bila mtu kulifungua. Halikuwa na kufuli. Watu walilikwepa tu, hata fagio lilipita kando, mpaka vumbi likalizunguka kama ukuta.

Jumanne ya wiki ile ya Krismasi, Agness alipiga magoti akalivuta. Yeye ni fundi simu pale Moshi mjini, na vidole vyake vimezoea skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi. Siku ile vilirudi nyuma mara mbili kabla ya kugusa kifuniko.

"Taratibu," bibi yake akamwambia kutoka mlangoni. "Humo hamna nyoka."

"Nyoka ningejua la kumfanya, bibi."

Ndani kulikuwa na gari la mbio la kaka yake, la bluu, mojawapo ya yale ya umeme yanayoongozwa kwa rimoti. Urefu wake ni kama mkono kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye ncha za vidole, tena halijainuka kutoka chini zaidi ya upana wa kidole. Kando yake kulikuwa na betri, mota mbili, gia kwenye kopo la dawa, matairi yaliyofungwa mannemanne kwa uzi, na rimoti yenye usukani mdogo ubavuni. Jesse alikuwa wa mkono wa kushoto, kwa hiyo usukani ule aliufungua akauhamishia upande wake. Ukiushika kwa kulia unajiona umevaa viatu vya mwenzio.

Jumamosi yalikuwa mashindano. Kila Desemba, watoto wa Old Moshi wanaporudi nyumbani kutoka Dar na Arusha, huyashindanisha magari yao kwenye uwanja wa saruji wa kuanikia kahawa, maana kwingine huko juu hakuna sakafu laini. Mwaka huu waliamua mbio ziwe za kumkumbuka Jesse. Kiongozi wao, Given, alikuwa amempigia simu Agness: "Dada, gari lake liendeshe wewe. Nani mwingine?"

Angemjibu nini? Angemwambia kwamba aliliapia gari lile?

Mambo yalikuwa hivi. Hao ndugu wawili walikuwa kama ulimi na meno. Agness anaunda, Jesse anaendesha. Miaka miwili nyuma Agness aliunda gari lake mwenyewe, akalihangaikia mwaka mzima. Jesse akalichukua bila ruhusa, akalitia betri iliyovimba, ile ambayo Agness alikwisha kuitenga na kuiandikia HATARI kwa kalamu nyekundu. Likaungua lote. Agness alisimama mbele ya majivu yale ya plastiki akasema mbele ya watu: "Hutagusa langu tena. Na siku nikigusa lako, lisinitii!"

Baada ya wiki Jesse alimfuata chumbani kwake alikopanga, Shirimatunda. Alikuja na jani la isale, amelipiga fundo. Kwa Wachagga, mtu akikuletea isale amemaliza maneno yote. Hata kama amekuchomea nyumba, unalipokea kwa mikono miwili na yanaisha. Hakuna anayelikataa.

Agness alilikataa. "Peleka majani yako kwa ng'ombe," alisema, akafunga mlango.

Jesse akaliweka kizingitini akaenda zake. Jirani yake Agness, Grace, mtu wa Mbeya asiyejua habari za isale, alilipita siku nyingi akifagia. "Shoga, hili jani ni la nani? Linakauka." Siku moja halikuwepo tena. Grace akasema kaka mtu alipita, akaliokota, akalifuta vumbi kwa shati lake. Mwezi haukwisha, Jesse akapanda mlima na wageni, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, akashushwa kwa machela. Wakamzika kihambani, kwenye shamba la migomba la bibi, hatua ishirini kutoka uwanja wa kahawa. Kaburi lake limezungushiwa masale, mimea ya majani yaleyale.

Basi sasa unajua kwa nini vidole vilirudi nyuma.

"Kitendawili!" Bibi Ndelilio akasema ghafla.

"Jamani bibi, sasa hivi?"

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nilikuja kijani, nikaondoka kahawia, na ndani sikuingia."

Agness alifikiri huku akipuliza vumbi kwenye mota. "Kinyonga?"

"Kinyonga angeingia. Endelea kufikiri. Hicho alinitegea Jesse, nami nilikitegua yeye akiwa ameshalala pale migombani."

Agness aliona heri ashughulike na vitu vyenye waya.

Mchana ule akaenda uwanjani peke yake. Given na wenzake walikwisha kuchora njia kwa mipira ya maji iliyokatwa vipande. Agness alitia betri nzuri, akachagua matairi ya ugumu wa kati, akaliachia gari. Likatoka likilia kama nyuki kwenye chupa. Kona ya kwanza sawa, ya pili sawa. Ya tatu, inayopakana na kihamba, akakata kulia na gari likaenda kushoto. Likaruka mpira, likashuka kwenye majani, likasimama mbele ya masale ya kaburi. Pua yake ilikuwa imeyagusa tu, kama ndama anayenusa.

Akalirudisha, akajaribu tena. Kona ileile, masale yaleyale.

"Ni servo," akajisemea. Hicho ndicho kimota kidogo kinachogeuza matairi ya mbele. Kesho yake alipanda na servo mpya, akaifunga, akaipima kwa mita. Mkononi iligeuka vizuri, kulia na kushoto. Uwanjani gari likaenda kwa Jesse.

Alhamisi akabadilisha kipokea mawimbi, akaiacha rimoti ya kaka yake sandukuni na kuazima ya Given, mpya kabisa, ya mkono wa kulia. Alichagua kwa makini kama anayemchagulia mtoto dawa. Matairi laini, kwa sababu saruji ina vumbi. Gia ndogo zaidi, ili lisiwe na haraka ya kumponyoka. Ukungu ulikuwa umeshuka saa nane mchana, ule mzito wa Desemba unaofuta migomba mmoja mmoja. Akaliachia. Kona ya tatu akakaza usukani wa kulia mpaka ukagota.

Gari likaenda kushoto, polepole safari hii, kama mtu anayekuonyesha njia na kungoja uelewe.

Agness akazima rimoti. Gari linapokosa rimoti linapaswa kusimama palepale, ndivyo lilivyoundwa. Alisikia mota inaendelea kulia ndani ya ukungu. Ng'ombe wa bibi zizini wakaacha kucheua. Kisha kimya. Alipolifuata alilikuta palepale, matairi ya mbele yakijigeuza kidogo, kushoto, katikati, kushoto.

Alirudi nyumbani amelikumbatia gari, na kanga imemlowa mgongoni.

"Bibi, nimebadilisha kila kitu. Servo, kipokea mawimbi, rimoti, matairi, gia. Hakuna kilichobaki."

Bibi Ndelilio alikuwa anamenya ndizi za mtori. Hakuinua macho. "Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Na dereva?"

Agness akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Nimpe nani? Given? Wataniuliza kwa nini. Bibi, nilimwambia mbele ya watu kwamba lisinitii. Nikishindwa mbele ya watu walewale, basi itakuwa kweli. Nitakuwa nimeapa na imekuwa, na Jesse hayupo wa kunifungua."

"Kumbe unajua ugonjwa," bibi akasema, "na mwaka mzima unakunywa dawa ya mwingine." Akaendelea kumenya ndizi zake.

Jumamosi uwanja ulijaa. Watu wametoka kanisani kupamba miti ya Krismasi, wametoka mjini, wamekuja na pombe ya mbege kwenye ndoo. Magari yalikuwa kumi. Katika mbio za kwanza, za kupanga nafasi za fainali, Agness alikwenda mwendo wa kinyonga, akilivuta gari mbali na kona ya tatu kwa kulifungia breki kabisa kila lilipofika.

"Dada, hilo ni gari au bibi harusi?" Given akamtania. "Mbona linatembea hivyo?"

"Linasalimia wazee," mmoja akadakia. Watu wakacheka. Agness akacheka nao, midomo tu.

Kabla ya fainali ukungu ukarudi, na safari hii uliacha unyevu kwenye saruji. Matairi laini yangeteleza. Agness akalitafuta lile fungu la mwisho la matairi ambalo Jesse alilipenda siku za maji, akachimbua sanduku alilokuja nalo hadi chini. Akalipata. Chini yake kulikuwa na kitu kimefungwa kwa kitambaa cha kufutia gari.

Jani la isale. Limekauka, kahawia, na fundo bado lipo. Fundo lenyewe lilikuwa limezungushwa kinyume, kama wanavyofunga watu wa kushoto.

Agness alikaa chini pale kwenye meza ya madereva, akasahau kelele zote. Nilikuja kijani. Nikaondoka kahawia. Na ndani sikuingia.

"Bibi," akaita, na bibi alikuwa nyuma yake tayari. "Ni isale. Kizingitini kwangu."

"Umetegua."

"Sasa nalipokeaje? Aliyelileta hayupo."

"Ulipokataa kulikuwa na mlango katikati yenu," Bibi Ndelilio akasema. "Leo usifunge kitu, utaona."

"Magari mstarini!" Given akapiga kelele.

Agness akalitia jani mfuko wa gauni. Kisha akafanya uchaguzi wa mwisho. Rimoti ya Given akaiweka kando, akarudisha kipokea mawimbi cha zamani, akachukua rimoti ya kaka yake, yenye usukani upande usio wake. Matairi akafunga yale ya Jesse.

Mbio zikaanza. Hakuna aliyemtania tena. Gari la bluu lilikata kona kama kisu kwenye mtori uliopoa, likapita la tatu, la pili, hadi raundi ya mwisho likawa mbele na pengo la urefu wa ng'ombe. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka katikati ya uwanja, ukiyameza magari na kuyatema. Watu walikuwa wanaimba jina la Jesse.

Kona ya tatu Agness alihisi usukani ukivuta. Haukuwa mvuto wa nguvu. Ulikuwa ule wa mtu anayekushika kidole mezani ili umsikilize. Angeweza kufunga breki, kama kwenye mbio za kwanza. Angelirudisha barabarani na kushinda, na kiapo chake kikawa uongo mbele ya watu wote.

Akaiweka rimoti mezani. Akaizima. Akaondoa mikono.

"Dada! Unafanya nini?" Given akapiga ukelele.

Gari likavuka mpira wa maji likaingia ukungu. Mlio wake uliendelea, mwembamba, bila haraka, hatua ishirini. Halafu ukakatika. Agness akaufuata.

Chini ya migomba kulikuwa na baridi ya kisimani. Gari lilisimama mbele ya kaburi. Kwenye bodi yake ya bluu kulikuwa na jani la isale, kijani, bichi, utomvu ungali unadondoka kwenye mkato. Lilikuwa limepigwa fundo, na fundo limezungushwa kinyume. Kwenye majani hapakuwa na alama ya mguu ila yake. Akatia mkono mfukoni kulitafuta lile kavu. Mfuko ulikuwa mtupu.

Hakupiga kelele. Hata yeye alishangaa. Alipiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili, akalitwaa.

"Nimepokea, Jesse," akasema. "Yaishe."

Masale yote kuzunguka kaburi yakatikisika mara moja, na upepo haukuwepo.

Aliporudi amebeba gari, la Given lilikuwa limekwisha shinda. Agness akaliweka gari mwanzo wa kona ya tatu, pale lilipotoka njiani, akarudi mezani, akawasha rimoti. Gari likazunguka kona kulia, safi kabisa, likaja likavuka mstari wa mwisho likiwa la kumi kati ya kumi. Bibi Ndelilio ndiye aliyeanza kupiga vigelegele.

"La mwisho na tunashangilia?" Given akauliza, akiwa na kikombe chake mkononi.

"Wewe shangilia kikombe chako, baba," bibi akamjibu. "Sisi tunashangilia letu." Kisha akamsogelea mjukuu wake, akamnong'oneza. "Agness. Tangu lini unaendesha kwa mkono huo?"

Agness akatazama chini. Mkono wa kulia ulikuwa umelishika jani, haujaliachia tangu kaburini. Usukani ulikuwa kwenye mkono wake wa kushoto, ambao hata kijiko haujui kushika. Na plastiki ile, kwenye baridi yote ile ya ukungu, ilikuwa na joto, kama kitu ambacho mtu amekishika muda mrefu na sasa hivi tu ndiyo amekiachia.